Sodo za Bi Johari wa Mishomoroni

Mshahara wangu wa kwanza wa ualimu niliupata mwaka wa Uhuru, na kitu cha kwanza nilichonunua ni pakiti ya sodo za dukani. Niliipeleka Mishomoroni kwa Bi Johari binti Mwidani, mwanamke ambaye hedhi ilikuwa imemkatika miaka kumi nyuma. Akaifungua, akaitazama, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia sijarukwa na akili, nimekuja kushukuru, na sikujua mtu kama yeye hushukuriwa kwa zawadi gani. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanituma nikachemshe chai.

Ukiwauliza watu wa Kisauni Bi Johari ni nani, watakwambia ni mshona magodoro. Ni kweli. Alishona magodoro na mito ya sufi, ile pamba ya mti wa msufi, kwa miaka thelathini, aliolewa mara mbili na kuachwa mara mbili, hakujaliwa mtoto, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake. Wengine huishia hapo, na hapo ndipo hasira hunipanda. Mimi nasema, na anayetaka kubisha na aje: bila mwanamke yule nisingekuwa mwalimu. Namshukuru Mungu kwanza, kisha yeye, na wazazi wangu wanisamehe kwa kuwaweka wa tatu.

Kwetu mama hasemi na bintiye habari za hedhi. Akisema, wote wawili wamevunjiana heshima. Msichana anapovunja ungo hutafutiwa somo, mwanamke wa makamo asiyekuwa mama yake, naye ndiye amfundishaye kufunga sodo, kuifua, kujitahirisha na kunyamaza. Mwari akikosea katika mambo hayo, anayelaumiwa ni somo. Mama yangu, Bi Mwanatumu, alipoona nguo yangu asubuhi moja ya mwaka 1958, hakuniambia neno. Alijifunga leso akaenda kwa Bi Johari, na kabla ya adhuhuri nilikuwa na somo.

Nilikuwa darasa la sita katika skuli moja ya wasichana kule kisiwani, mjini. Kwa wenzangu wengi wa Mishomoroni, kuvunja ungo kulikuwa ndio mwisho wa skuli: unavishwa buibui, unakaa ndani, unangoja kuposwa. Baba yangu, Maalim Sheikhan, alikuwa akisomesha watoto Kurani. Hakuwa mtu mbaya, na elimu aliipenda, lakini alipenda pia kupita njiani bila kunong'onwa. Alifikiri siku tatu, kisha akamwambia mama kwa sauti ya kunifikia mimi jikoni:

"Atasoma mpaka amalize mtihani wa darasa la nane. Lakini siku aibu yake itakapotoka nje ya nyumba hini, skuli basi. Na mtume wa kumposa yuko, angoja jibu tu."

Aibu maana yake ilikuwa doa, na sote tulielewa. Doa moja likionekana na mtu wa nje, mimi ni bibi harusi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa naipenda hesabu kuliko kitu chochote duniani.

Sodo niliyofundishwa kwanza ilikuwa ile ya siku zote: kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne, kinapitishwa katikati ya miguu na kushikwa kwa uzi wa kiunoni mbele na nyuma. Bi Johari aliniambia bibi zetu walitumia kaniki, kwa sababu kaniki ni nyeusi na haioneshi kitu. "Lakini yachuja," akasema. "Mtu akitoka jasho, mapaja yote buluu. Mshukuru Mungu umezaliwa wakati wa kanga." Nikashukuru kama nilivyoagizwa. Kuifua ilikuwa alfajiri kabla mtu hajaamka, maji ya kwanza yamwagwe chooni, na kuianika ilikuwa chumbani nyuma ya kitanda, chini ya nguo nyingine, isionekane hata na paka.

Ndani ya nyumba sodo ile ilitosha. Kwa skuli haikutosha hata kidogo. Nilitoka alfajiri, nikapanda basi, nikavuka daraja la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji, nikakaa darasani mpaka saa saba mchana. Kanga ilihama. Nikisimama kujibu swali nahisi fundo limefika nyuma, na chini ya yunifomu nyeupe lilionekana. Mwezi wa kwanza nilikosa skuli siku nne, wa pili nne, na mwalimu mkuu akaniandikia baba barua kuuliza kama mtoto ana homa ya vipindi. Nilimwambia somo yangu kwamba sodo yake haifai.

Ni mimi wa kumwambia mshona magodoro kwamba kazi yake haifai! Alisema tu, "Ndoo kesho." Nilipokwenda kesho yake alinipa kimto kidogo kama kiganja, cheupe, chepesi, kimeshonwa kwa mishono midogo ajabu, na ndani yake amekitia sufi. Hakuna aliyewahi kuona kitu kizuri kama kile. Kilikaa mahali pake, hakikuvimba chini ya nguo, na mimi nilitembea kama mtu wa kawaida. Bi Johari alijisifu wiki nzima. Alisema Wazungu waje wajifunze kwake.

Ijumaa moja tuliachiwa mapema kwa ajili ya sala. Nilirudi na basi, nikashuka Kisauni, karibu na kwetu, na jirani yetu Mbarak, amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akapanda lile lile kwenda kusali mjini. Alikaa kwenye kiti nilichoinuka mimi. Msikitini, alipokuwa katika safu, mtu aliyekuwa nyuma yake alimgusa bega na kumwambia kanzu yake ina damu.

Mbarak alitoka msikitini akiwa na najisi, mbele ya watu, Ijumaa. Alijipapasa kutafuta jeraha, hakuliona. Akakumbuka ni nani aliyeinuka kwenye kiti. Alasiri alikuwa kibarazani kwetu na kanzu mkononi. Sikusikia alichomwambia baba, kwa sababu aliinamisha kichwa akasema kwa sauti ya chini, nami namshukuru kwa hilo. Lakini niliona uso wa baba alipoingia ndani. Hakunitazama. Alimwambia mama, "Mwanao asiende skuli Jumatatu."

Nililia mpaka nikakauka. Mama alikaa nami, ananishika mkono, hasemi, maana hakuwa na ruhusa ya kusema. Niliuchukia ule mkono. Sasa namshukuru kwa sababu najua kimya kile kilimgharimu nini, lakini siku ile nilitaka mama mwenye mdomo.

Mwenye mdomo alikuja kabla ya magharibi. Bi Johari alipiga hodi akaingia hadi ukumbini, akasimama nyuma ya ubao wa mlango ili baba asimwone, na hapo akafanya jambo ambalo mwanamke wa heshima halifanyi: akasema na mwanamume asiye wake habari za hedhi.

"Salaam aleikum, Maalim."

"Waaleikum salaam, Bi Johari. Mamake yumo chumbani."

"Sikuja kwa mamake. Nimekuja kwako weye." Akavuta pumzi. "Kosa si la mtoto. Kosa ni langu. Nimemshonea kwa sufi, na sufi hainywi maji. Yaelea. Nimeishika miaka thelathini, wallahi sikuwahi kuitia majini hata siku moja, kwani godoro halifuliwi, huanikwa. Leo nimeitia kwenye beseni, nimeiona kwa mato yangu: chini maji, juu sufi kavu. Mtoto amevaa alichopewa na somo yake. Kama kuna mtu wa kuwekwa ndani, niweke mimi."

Baba alikuwa akivuta tasbihi. Nilisikia punje zimesimama.

"Bi Johari, jambo hili limefika msikitini."

"Nalijua. Na hiyo kanzu nitaifua mimi. Nakuomba muhula mmoja, Maalim. Doa likitoka tena, bibi harusi nitampamba kwa mikono yangu na ada yangu sitaitaka."

Nilikuwa nimeuma ncha ya kanga. Mwisho baba akasema, "Muhula mmoja," na punje zikaanza tena. Kanzu ya Mbarak ilirudi kwake siku ya pili, na mwenyewe alikiri kwamba haikuwahi kuwa nyeupe vile tangu iliposhonwa.

Sasa Bi Johari alikuwa na miezi mitatu ya muhula na hakuwa na sodo ya kufaa. Alikwenda Kongowea kwa Bi Hafswa, mke wa Barakat mwenye duka la nguo. Bi Hafswa ndiye mwanamke wa kwanza katika sisi kutumia sodo za dukani. Alikuwa akiletewa kutoka duka la dawa mjini walikonunua mabibi wa Kizungu, zimefungwa karatasi mbili ili mchukuzi asijue amebeba nini. Bi Johari alimweleza yote. Bi Hafswa alimpa sodo mbili na taulo kuukuu, akamwambia, "Chukua, na ukifanikiwa nishonee na mimi, kwani hizi hupotea dukani miezi miwili mizima." Mpaka leo namwombea dua.

Sodo moja nilipewa nivae. Ilikuwa na mikia miwili ya wavu, nikaifunga kwenye uzi wangu wa kiunoni. Ilikuwa raha. Nilipoivua nikafanya nilivyofundishwa: nikaingia nayo chooni alfajiri na sabuni, nikaifua. Ikapasuka. Pamba ikajaa beseni, inanata vidoleni, kila nikisuuza inazidi. Bi Johari aliponikuta alinigombeza kwamba nina mikono ya mtwanga nafaka, akaninyang'anya, akaanza kufua mwenyewe polepole kwa ncha za vidole. Alibaki ameshika wavu mtupu.

"Hii nguo gani?" akasema.

Nikamwambia nimesikia skuli kwamba Wazungu huivaa mara moja wakaitupa.

"Waitupa!" Aliinuka. "Waitupa wapi? Damu ya mtu yatupwa, aokote nani?" Kwa Bi Johari hilo lilikuwa kama kumwacha mtoto sokoni. Alisonya mara tatu, akaiokota ile pamba yote chembe kwa chembe, akaisafisha mpaka ikawa nyeupe, ndipo akaifukia. Mimi nilikuwa nikicheka kwa ndani, lakini nilimsaidia kuokota.

Ya pili hakuniruhusu niiguse. Aliipasua kwa wembe juu ya mkeka, akaitandaza tabaka moja moja. Kisha akachukua kikombe cha kahawa, akamimina maji juu ya ile pamba. Maji yakazama. Akaibonyeza kidogo, hayakutoka.

"Yanywa," akasema. "Ndiyo siri yake. Wao hawakutafuta laini, wametafuta inayokunywa."

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa vikombe na vitambaa. Kila nguo aliyokuwa nayo aliitandaza akaimiminia kikombe kimoja cha maji na kuhesabu pumzi hadi yazame. Kanga mpya haikunywa kwa sababu ya wanga wake. Kitambaa cha amerikani kilikunywa kidogo. Kanga kuukuu ilikunywa vizuri lakini ikavuja chini. Taulo la Bi Hafswa lilikunywa vikombe viwili. Mwisho akashona hivi: juu kanga iliyochakaa, katikati taulo tabaka tatu, chini kabisa marduf, ile nguo nzito ya kushonea magodoro, iliyofumwa kwa kubana. Taulo hakulishona moja kwa moja. Alilitia kama mto ndani ya foronya, ili litolewe lifuliwe peke yake na kukauka upesi. Mwishoni akatia vitanzi viwili vya kupitishia mshipi wa kiunoni, na hivyo aliviiba kwa Wazungu bila haya.

Hakutaka nijaribu mimi. "Weye huna doa la kuchezea," alisema. Akaivaa mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, akaimiminia vikombe vitatu vya maji, akavaa buibui, akatoka kwenda kwa miguu mpaka daraja la Nyali na kurudi. Mara ya kwanza ilivuja Kongowea, akarudi ananung'unika. Akaongeza marduf. Mara ya pili ilivuja karibu na daraja. Akapunguza upana, akaongeza urefu. Watu wakamwona anapita na kurudi, anapita na kurudi, wakasema maskini Bi Johari, labda ametafutiwa mume upande wa pili. Mara ya tatu alirudi akageuka mbele yangu, akakaa kitako juu ya shuka jeupe, akahesabu hadi mia, akainuka. Shuka lilikuwa kavu. Alipiga kigelegele peke yake.

Nilirudi kuhudhuria siku zote. Muhula ule ulipita bila doa, ukaja mwingine, na baba hakusema tena habari ya muda. Mama naye hakusema, lakini kila mwezi nilikuta kipande kizima cha sabuni kimefungwa kwenye kitambaa, naye hunambia nikipeleke kwa somo yangu, akiwa ametazama kando.

Palibaki jambo moja, nalo ni la kuanika. Nyuma ya kitanda taulo lilikauka vibaya, likatoa harufu, nikapata vipele. Bi Johari alisema godoro lenye unyevu huingia kunguni na mwili wenye unyevu huingia maradhi, na dawa ya vyote viwili ni jua. Lakini jua la nani? Nguo ile ianikwe uani kwetu, aione baba? Akacheka. Uani kwake kulikuwa na kamba nne, na siku zote zimejaa foronya, mabaki ya marduf na vipande vya kila rangi. Sodo zangu zikaanikwa kati ya hivyo, mchana kweupe, na hakuna mwanamume aliyeziona ingawa walizitazama kila siku.

Habari zikapita kwa wanawake. Akaja binti mmoja, wakaja wawili, na kufika 1960 tulikuwa wasichana kumi na mmoja tunaoshona na kuanika pale, sita kati yetu wanaosoma. Kila mmoja alikuwa na uzi wa rangi yake pembeni ili zisichanganyike. Wangu ulikuwa wa kijani. Mbarak akipita njiani humsifu Bi Johari kwa bidii: "Mashallah, mito mingi hivyo! Biashara yenda vizuri." Naye hujibu, "Yenda, baba, kila mwezi," nasi ndani tukaanguka kwa kicheko.

Mtihani ulikuja mwisho wa 1960, na ulinikuta siku ya pili, ile iliyo nzito kuliko zote. Usiniulize nilivyolala. Asubuhi nilipitia kwa Bi Johari, akanifunga mshipi mwenyewe kama ninayefungwa kwenda vitani. Mtihani wa hesabu ulikuwa wa saa mbili na nusu, na hakuna ruhusa ya kuinuka. Mwanzo nilifikiria mwili tu. Kisha nikakutana na swali la matangi mawili, moja lajaza na jingine lavuja, nikasahau kila kitu, mwili wangu, Mbarak, mtume wa posa, wote. Kengele ilipolia ndipo nilipokumbuka. Niliinuka polepole, nikapitisha kiganja kwenye ubao wa benchi. Ulikuwa mkavu. Machozi yalinitoka, msimamizi akadhani nimeshindwa, akanipa pole.

Matokeo yalitoka mwezi wa Januari, skuli zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Nilifaulu, nikapata nafasi ya kuendelea mpaka ualimu. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. Hakunipongeza. Aliita, "Kuluthum!" na mdogo wangu akaitika "Abee" kutoka uani. Alikuwa na miaka minane na hajakanyaga skuli hata siku moja, kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kuamua kwamba wa kusomeshwa ni mmoja, tena kwa majaribio. Akamshika mkono, akaniambia nifuate.

Tulikwenda kwa Bi Johari. Baba hakuwahi kufika pale hata mara moja. Alisimama mlangoni, ameinamisha macho, na kwa mtu aliyekuwa akihutubia wanafunzi arobaini kila asubuhi, maneno yalimpa taabu.

"Bi Johari," akasema, "huyu nataka kumtia skuli. Lakini sitamtia mpaka nijue. Siku yake ikifika, utakuwa somo yake?"

Bi Johari alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa. Alimtazama Kuluthum kuanzia utosini hadi miguuni, akanitazama mimi.

"Mtie kesho, Maalim," akasema. "Usingoje Jumatatu."